Ayala wa Usiku: Mwenge, Sheria na Kamera katika Mawindo ya Amerika ya Kaskazini

Kiswahili hakina jina la asili la mnyama ambaye habari zake zaelezwa hapa. Kulungu, mbawala, paa na swala ni wa jamii nyingine. Pembe zao ni za maisha, haziondoki kichwani ila zivunjike. Mnyama wa Amerika ya Kaskazini ana pembe zenye matawi, nazo humdondoka kila mwaka wakati wa baridi, kisha huota upya zikiwa zimevikwa ngozi laini mfano wa mahameli. Majike kwa kawaida hawana pembe. Waliofasiri Biblia kwa Kiswahili walipokutana na mnyama wa jamii hii katika Zaburi walimwita ayala, na kwa kuwa jina hilo limekwisha kuzoeleka masikioni, ndilo litumikalo hapa: ayala wa mkia mweupe, aitwaye hivyo kwa sababu akikimbia huuinua mkia wake juu, na weupe wa upande wa chini huonekana kama leso ipeperushwayo.

Ayala huyu si mnyama wa usiku kwa maumbile yake, wala si wa mchana. Saa zake hasa ni alfajiri na magharibi, wakati nuru na giza zinapopishana. Lakini dume aliyekwisha kupevuka, mwenye umri wa miaka mitatu na nusu au minne na zaidi, ana desturi iliyowasumbua wawindaji kwa vizazi vingi. Akisikia mlio wa bunduki wa kwanza wa msimu, au hata harufu ya nyayo za watu zilizozidi katika msitu wake, hujificha kutwa katika kichaka kizito au katika kinamasi, asitoke mpaka giza liingie. Watu wengi hudhani kwamba amehama, kumbe hakuhama. Utafiti uliofanywa kwa kuwafunga ayala kola zenye vyombo vya kuonyesha mahali walipo umeonyesha mara nyingi kwamba dume hubaki katika eneo lake lile lile, akilala pengine hatua mia chache tu kutoka njia ya wawindaji. Alichobadili ni saa, si makazi.

Hapa pana swali la historia, ingawa kwa kawaida huachiwa wataalamu wa wanyama. Je, usiku wa dume huyu ni tabia yake mwenyewe, au ni kitu alichofundishwa na mwanadamu? Mwaka 2018 Kaitlyn Gaynor na wenzake walitoa katika jarida la Science matokeo ya kulinganisha uchunguzi 76 uliohusu aina 62 za wanyama wanyonyeshao katika mabara sita. Waliona kwamba panapokuwa na watu, wanyama huzidisha shughuli zao za usiku kwa kadiri ya mara 1.36. Si wawindwao tu. Hata waliosumbuliwa na wapanda milima na wakulima walifanya hivyo. Basi usiku wa ayala una historia ndani yake, nayo ni historia ya watu. Madume wazembe, waliotoka mchana, waliuawa wakiwa wachanga. Waliofikia ukongwe ni wale waliojifunza saa za adui yao.

Lakini binadamu naye alikuwa amekwisha kuingia usiku zamani. Nyuma ya jicho la ayala pana utando ung'aao, ambao hurudisha nuru ndani ya jicho mara ya pili ili mnyama aone gizani. Utando huo humsaliti. Mwanga ukimpiga usoni, macho yake huwaka kama makaa mawili, naye aghalabu husimama akaukazia macho mwanga huo, asijue kilicho nyuma yake. Watu wa misitu ya kaskazini walilijua jambo hili kabla ya kuja kwa Wazungu. Waojibwe, wakaao kandokando ya Maziwa Makuu, walikuwa wakitoka usiku wa kiangazi kwa mitumbwi ya magome ya miti, mwenge ukiwaka mbele, mtu mmoja akipiga kasia polepole nyuma bila kulitoa majini, mwingine amekaa mbele na silaha. Ayala wakati huo hushuka ziwani kula mimea ya majini na kuwakimbia inzi na mbu. Mvuvi wa dagaa wa pwani ya Afrika ya Mashariki, atokaye na karabai yake usiku usio na mwezi, angalifahamu kazi hii bila kuelezwa.

Waojibwe walitumia mwenge huo huo kwa samaki. Wafaransa walioingia katika nchi hiyo kutafuta ngozi walipoona ziwa moja limejaa mianga ya wavuvi usiku, waliliita Lac du Flambeau, yaani Ziwa la Mwenge, na wenyeji wenyewe walipaita mahali hapo Waaswaaganing, jina lenye maana iyo hiyo. Jina hilo lipo mpaka leo katika ramani ya jimbo la Wisconsin, na litarudi tena katika habari hii mbele ya mahakimu.

Wakoloni wa kusini, katika Virginia na Carolina, nao walikuwa na uwindaji wa moto. Yafaa kutofautisha mambo mawili yaliyoitwa kwa jina hilo moja katika maandishi ya karne ya 18. La kwanza lilikuwa kuchoma nyasi na majani makavu kwa mviringo mkubwa, ili wanyama wakusanyike katikati na kuuawa kwa wingi. La pili lilikuwa la usiku: mtu alibeba begani karai la chuma lenye mpini mrefu, ndani yake vipande vya msonobari vyenye utomvu vikiwaka, akaenda msituni akitafuta macho. La pili ndilo lililoleta ugomvi mkubwa zaidi, kwa sababu macho hayana pembe wala mkia. Ng'ombe na farasi wakati huo walifugwa bila zizi, wakitembea msituni kama wanyama pori, na macho yao pia hung'aa. Mwenye bunduki alipiga makaa mawili gizani, akaenda akakuta farasi wa jirani yake.

Mabunge ya makoloni yalitunga sheria za kukataza jambo hilo. Msomaji akizisoma sheria hizo ataona kwamba huruma kwa ayala haikuwa sababu ya kwanza. Sababu ya kwanza ilikuwa mifugo ya wenye mali. Tena kosa moja halikuwa na adhabu moja. Katika sheria za makoloni yale, mtu huru aghalabu alilipa kwa mfuko wake, na mtumwa alilipa kwa mgongo wake. Na ni nani aliyewinda usiku? Mwenye shamba aliweza kuwinda mchana, akiwa na farasi na mbwa, kwani mchana ulikuwa wake. Mtumwa na maskini aliyefanya kazi ya mwingine tangu mapambazuko hata machweo hakuwa na saa nyingine ya kujitafutia kitoweo ila usiku. Mtu na ayala walikuwa wamesukumwa gizani na mkono mmoja.

Karne ya 19 ilileta njia za reli, bunduki za kupiga haraka, na wafanya biashara wa nyama na ngozi. Ngozi za ayala zilikuwa zimekwisha kuwa bidhaa kubwa tangu zamani. Yasemwa kwamba Wamarekani huiita dola kwa jina la ayala dume kwa sababu ngozi ndiyo iliyokuwa fedha ya mipakani. Ila sasa nyama iliweza kupakiwa msituni na kuliwa New York baada ya siku chache. Ayala walipungua mno. Kabla ya Wazungu kuwasili walikuwa mamilioni. Kufikia mwaka 1900 hivi, kwa makisio yanayotajwa mara nyingi, walibaki kati ya 300,000 na 500,000 katika nchi nzima, na katika majimbo kadhaa walikwisha kabisa.

Ndipo waliposimama mabwana wa mjini waliojiita wanamichezo wa mawindo. Klabu ya Boone and Crockett, iliyoasisiwa mwaka 1887 na Theodore Roosevelt pamoja na rafiki zake, ilihubiri kwamba mnyama apewe nafasi ya haki ya kuokoka. Taa na mbwa vilihesabiwa kuwa hila za watu wasio na adabu. Jimbo la New York lilikataza vyote viwili mwaka 1897, na majimbo mengine yalichukua njia hiyo hiyo. Mwaka 1900 Bunge la Marekani likapitisha Sheria ya Lacey, iliyofanya kuwa ni kosa kusafirisha kutoka jimbo hata jimbo nyama ya wanyama waliouawa kinyume cha sheria. Haiwezekani kukana kwamba sheria hizi ziliokoa ayala. Haiwezekani pia kukana kwamba waliozitunga walikuwa watu wenye likizo na nauli, na kwamba wakazi wa misituni, waliokula ayala kama mkulima alavyo mahindi yake, waliamka siku moja wakaitwa majangili.

Katika kundi hilo la mabwana alitoka mtu mmoja ambaye habari zake zastahili kuelezwa kwa urefu, kwa sababu aliutumia ujuzi wa wawindaji wa usiku kwa kazi ambayo hapana aliyeitazamia. George Shiras wa Tatu alizaliwa mwaka 1859 huko Pennsylvania, mtoto wa mwanasheria ambaye baadaye alikuwa hakimu wa Mahakama Kuu ya Marekani. Tangu mwaka 1870, akiwa na umri wa miaka 11, alikuwa akienda kuwinda katika misitu ya kaskazini mwa Michigan, karibu na mji wa Marquette, kwenye ziwa liitwalo Whitefish. Huko alijifunza kuwinda kwa taa, namna ya Waojibwe: mtumbwi, giza, mwanga mbele, na kasia lisilotoa sauti. Aliua ayala wengi. Kisha, mwaka 1889, akaanza kubeba kamera.

Taabu yake ya kwanza ilikuwa ya mchana. Ayala hawakungoja. Hapo akakumbuka kwamba usiku, mbele ya taa, ayala husimama. Basi akaamua kuuacha mtumbwi kama ulivyo, na taa kama ilivyo, na kuondoa bunduki tu. Mahali pa bunduki pakawekwa kamera, na mahali pa baruti pakawekwa unga wa magnesi, ambao huwaka mara moja kwa mwanga mkali mno. Unga huo si kitu cha kuchezea. Hulipuka, huunguza mikono na nyusi, na katika mtumbwi mwembamba mshtuko wake waweza kuwatupa watu majini. Shiras na wasaidizi wake walikisia umbali kwa macho, wakisogea mpaka hatua chache tu kutoka kwa makaa yale mawili. Kisha ghafula ziwa zima likawa jeupe kama mchana, na giza likarudi zito kuliko kwanza, na ayala, aliyepofuka kwa kitambo, akaruka asijue aendako. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 akafaulu.

Hakutosheka na mtumbwi. Alivumbua namna ya kutega kamera nchi kavu kwa uzi uliopitishwa katika njia ya wanyama. Ayala aliyeugusa uzi huo usiku wa manane alijipiga picha mwenyewe, hali mwindaji amelala kitandani. Kila kamera ifungwayo leo katika mti wa msitu wa Michigan, au katika hifadhi za Afrika, ni mjukuu wa uzi ule. Picha zake kumi za usiku zilipata nishani ya dhahabu katika Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900. Mwezi wa Julai 1906 jarida la National Geographic likatoa picha zake 74 katika toleo moja, jambo geni wakati huo. Yasimuliwa kwamba wajumbe wawili wa halmashauri yake walijiuzulu kwa hasira, wakisema jarida la wataalamu linageuzwa kitabu cha picha.

Kilichoonekana katika picha hizo hakikuwa kimeonekana na mwanadamu. Mwindaji wa taa hakuwa amemwona ayala. Alikuwa ameona macho mawili, na baadaye maiti. Sasa ayala alionekana mzima, miguu ndani ya maji, majani mdomoni, umbo lake limejirudia katika maji kama katika kioo, na nyuma yake msitu mweusi. Shiras aliingia pia katika siasa, akawa mjumbe wa Bunge la nchi yake kwa kipindi kimoja, 1903 hadi 1905, na mswada alioupeleka mwaka 1904 wa kuwalinda ndege wahamao ulikuwa mbegu ya sheria zilizofuata. Kitabu chake kikubwa cha juzuu mbili kilitoka mwaka 1935. Alifariki mwaka 1942. Walakini katika sifa zote alizopewa, waliomfundisha kupiga kasia bila sauti hawakupata nishani.

Nuru hiyo ya magnesi ilifika Afrika ya Mashariki upesi. Mjerumani Carl Georg Schillings alisafiri mara kadhaa katika nchi iliyo kando ya Kilimanjaro, na mwaka 1905 alitoa kitabu kilichojaa picha za simba na wanyama wengine waliopigwa usiku. Yeye hakuwa na ziwa wala mtumbwi. Alifunga punda au ng'ombe hai kama chambo akawangoja simba, na mizigo yake mizito ya vioo, kamera na unga ilibebwa vichwani na wapagazi. Kati ya watu hawa wawili, Shiras ndiye aliyeifanya kazi kwa gharama ndogo zaidi kwa viumbe wengine.

Ayala walirudi. Misimu mifupi, marufuku ya biashara ya nyama, kuhamishwa kwa ayala kutoka walikobaki hadi walikokwisha, na baada ya mwaka 1937 kodi ya bunduki na risasi iliyotengwa kwa ajili ya wanyama pori chini ya Sheria ya Pittman-Robertson, viliwazidisha hata leo wanakadiriwa kuwa milioni 30 hivi. Na dume kongwe wa usiku akarudi pamoja nao, sasa akilindwa na saa. Katika majimbo mengi mwindaji haruhusiwi kupiga ila kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kutua. Dume huyo ana usiku wote. Mwindaji ana kingo zake mbili tu.

Kwa hiyo ufundi wa mwindaji wa kisasa ni kuzikaribia kingo hizo. Hamwindi dume mahali pa malisho, kwa kuwa akifika huko kumekwisha kuwa usiku. Hutafuta alalapo mchana, akangoja karibu napo, upepo ukimvumia usoni, ili amkute katika dakika chache za mwisho za nuru, anaponyoosha miguu kabla ya kutoka. Wengi huharibu hapo hapo, kwa kukaribia mno. Dume akinusa mtu mara moja katika malazi yake, huenda asionekane tena mchana msimu mzima. Iko pia nafasi ya pili, ambayo si ya ufundi. Katikati ya mwezi wa Novemba, katika majimbo ya kaskazini, majike huwa tayari kupandwa, na dume aliyejizuia mwaka mzima hutoka saa sita za mchana, pua chini, akifuata harufu. Madume wengi wakongwe hufa katika siku hizo chache.

Swali la mwenge lilikuwa bado halijakwisha. Katika mikataba ya mwaka 1837 na 1842 Waojibwe waliitoa nchi kubwa ya kaskazini ya Wisconsin kwa serikali ya Marekani, lakini walijiwekea haki ya kuendelea kuwinda na kuvua humo. Kwa zaidi ya miaka mia jimbo liliwatoza faini na kuwafunga kana kwamba haki hiyo haikuandikwa. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Saba iliamua kwamba haki hiyo ipo. Wavuvi wa Lac du Flambeau na vijiji vingine walipotoka tena usiku na taa zao na mikuki yao, makundi ya watu yaliwangoja kwenye magati kwa matusi na mawe, na fujo hiyo ilidumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Ayala wa usiku alikuwa shauri gumu zaidi kuliko samaki, kwani mkuki hausafiri maili moja gizani, na risasi yaweza. Mwaka 1991 hakimu Barbara Crabb aliamua kwamba Waojibwe wana haki, ila jimbo laweza kuwazuia kuwinda ayala usiku kwa ajili ya usalama wa watu. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, na haifai kudharauliwa. Lakini jimbo lenyewe likaidhoofisha. Baada ya ugonjwa wa kudhoofisha ayala kugunduliwa Wisconsin mwaka 2002, maofisa wa jimbo na watu waliowaajiri waliwapiga ayala usiku ili kuwapunguza. Mwaka 2012 jimbo likaruhusu kuwinda mbwa mwitu usiku. Waojibwe wakauliza: kama giza ni hatari kwa risasi yetu, kwa nini si hatari kwa risasi yenu?

Mwezi wa Oktoba 2014 mahakama ile ile ya rufaa, kwa hukumu iliyoandikwa na Richard Posner, ililirudisha shauri kwa hakimu Crabb, ikieleza kwamba ushahidi wa hatari ni mdogo kuliko ulivyodhaniwa, na kwamba majimbo mengine yaliyowaruhusu wenyeji kuwinda usiku hayakupata maafa yaliyohofiwa. Mwaka 2015 Crabb akaliondoa katazo lake la miaka 24. Masharti yalibaki, tena makali, na Waojibwe wenyewe ndio waliokuwa wameyaandika katika kanuni zao: mwindaji wa usiku sharti afunzwe na kujaribiwa shabaha yake, na awe na mpango ulioidhinishwa wa mahali atakapopiga na kitakachoizuia risasi nyuma ya mnyama.

Tangu msimu huo, katika misitu ya kaskazini ya Wisconsin, njia moja ya ayala yaweza kuwa na wawindaji wawili chini ya sheria mbili. Mmoja huteremka mtini jioni saa yake itimiapo, akafungua bunduki yake na kutoa risasi, akarudi barabarani. Mwingine huwasili wakati huo, akawasha taa.